Nyumba ya Ufukweni Ukerewe: Mambo ya Kujua Kabla Hujavuka

Mkazi wa Mwanza anayetaka kupumzika mbali na makelele ya Buzuruga, Nyegezi na katikati ya jiji ana hoteli nyingi za kuchagua bila kuvuka maji. Hata hivyo, kwa familia inayopenda kujipikia, kulala kwa utulivu na kuamka ikiliona ziwa mbele ya mlango, nyumba za kupangisha kwa siku katika kisiwa cha Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria, ni chaguo la kufikiria kwa makini. Tathmini hii inahusu nyumba moja ya aina hiyo, iliyojengwa peke yake karibu na maji, mwendo mrefu wa bodaboda kutoka mji wa Nansio; hapo ilipo hakuna duka la maana, hakuna fundi wa karibu, na gari la kukodi halipatikani kwa kupunga mkono barabarani. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa mapungufu nitakayoyaeleza mwenye nyumba anaweza kuyarekebisha kwa gharama ndogo, na kwa kuwa ushauri wenyewe unafaa kwa karibu kila nyumba ya mbali katika mwambao wetu.

Hoja yangu ni moja. Nyumba ya mjini hupimwa kwa kitanda, usafi na bei, lakini nyumba ya mbali lazima ipimwe pia kwa yale ambayo mgeni ameelezwa kabla hajaondoka kwake, kwa sababu akishafika, alichokisahau hakinunuliki na asichokijua hakuna wa kumuuliza. Kwa kipimo cha kwanza, nyumba hii ni nzuri sana. Kwa kipimo cha pili, imefanya nusu ya kazi, na nusu hiyo imeifanya vizuri kuliko nyumba yoyote ya aina hii ninayoifahamu.

Nyumba ina vyumba viwili vya kulala, sebule yenye jiko upande mmoja, choo cha kuvuta cha ndani, na baraza pana linalotazama maji katikati ya mawe makubwa ambayo watu wa kanda hii tumeyazoea tangu utotoni. Magodoro ni mazima, mashuka yamefuliwa na kupigwa pasi, vyandarua havina tundu, na madirisha yote yana wavu. Kuhusu vyumba sina la kuongeza.

Safari ya kufika huko ina njia mbili. Ya kwanza ni meli ya kutoka Mwanza hadi Nansio, safari ya takriban saa tatu ambayo kwa miaka mingi imehudumiwa na MV Butiama na MV Clarias. Ya pili ni ya barabara, kupitia Magu, Lamadi na Bunda, kisha kushika njia ya Kisorya na kuvuka kwa kivuko hadi Rugezi. Asiye na gari achague meli, na aulize bandarini siku moja kabla, kwa kuwa ratiba hubadilika chombo kimoja kinapokwenda kwenye matengenezo. Mwenye gari atapenda njia ya Kisorya kwa sababu atabeba maji, chakula na mtungi wa gesi wa akiba bila kuhangaika na wapagazi, lakini ajue kwamba vivuko navyo vina saa ya mwisho, na kwamba kuikosa ni kulala upande wa pili. Kwa njia yoyote ile, mtu apange kufika nyumbani jua likiwa bado juu. Kipande cha mwisho cha barabara hakina taa wala kibao, na programu ya ramani ya kwenye simu humpeleka mgeni hadi kwenye mwalo wa wavuvi ambao si wenyewe, huku nyumba ikiwa nyuma ya kilima. Mwenye nyumba ana namba ya dereva wa bodaboda anayeijua njia hiyo, naye huitoa kwa hiari, lakini mpaka aombwe. Iombeni mapema.

Wapo wanaoshawishiwa kupanda mtumbwi wa injini ili kufupisha njia au kufika moja kwa moja mbele ya nyumba. Ziwa letu si la kulichukulia kirahisi. Tarehe 21 Mei 1996 tuliipoteza meli ya MV Bukoba ikiwa inakaribia Mwanza, na tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, kisiwa jirani kabisa na nyumba ninayoizungumzia, na watu zaidi ya 220 wakafa. Katika ajali hiyo ya pili kivuko kilikuwa kimebeba watu kupita uwezo wake. Kwa hiyo mgeni asipande chombo ambacho hakina jaketi okozi kwa kila abiria, watoto wakiwemo, na asione haya kushuka akiona kimejaa. Dhoruba nyingi za ziwani huja usiku wa manane na alfajiri, hivyo mtu asikubali kuondoka gizani kwa kuambiwa kwamba maji yametulia.

Sasa nije kwenye kilichonifurahisha kuliko vyote, yaani daftari lililowekwa juu ya meza ya sebule. Ni daftari la kawaida la shule, lenye jalada gumu, lililoandikwa kwa mkono na kwa lugha iliyonyooka. Ukurasa mmoja una mchoro wa kalamu ya bluu unaoonyesha swichi tatu za ukutani nyuma ya mlango wa jikoni: ya kwanza ni ya pampu, ya pili ya taa, na ya tatu imezungushiwa duara mara mbili na kuandikwa chini yake, "Usiiguse hii, ni ya betri." Ukurasa unaofuata unaeleza jinsi ya kufunga rigeleta ya mtungi wa gesi na kuipima kwa povu la sabuni ili kuona kama inavuja. Kuna majina ya majirani wawili wa kuitwa usiku, njia ya kwenda zahanati, na hata onyo kwamba mlango wa nyuma huvimba wakati wa mvua na unahitaji kuinuliwa kidogo ndipo ujifunge. Mtu aliyeandika daftari hili ameishi ndani ya nyumba yake na amewafikiria wageni wake kwa moyo.

Tatizo ni kwamba daftari linamngoja mgeni mezani, wakati nusu ya yaliyomo yalitakiwa kumfikia akiwa bado Mwanza. Linasema kwamba mgeni aje na maji ya kunywa, lakini anayelisoma ameshafika bila maji. Linasema kwamba birika la umeme haliruhusiwi, na mgeni ameshalibeba kwenye begi. Kurasa hizo zikipigwa picha na kutumwa kwa simu mara mgeni anapolipa malipo ya awali, lawama nyingi dhidi ya nyumba hii zitakwisha.

Umeme ndio unaowagombanisha wageni na wenye nyumba kuliko kitu kingine, na kisa ni kutojua hesabu. Nyumba hii inatumia sola yenye betri moja ya volti 12 na ampea-saa 200, pamoja na inveta ya wati 1,000, yaani kifaa kinachougeuza umeme wa betri uweze kutumiwa na vyombo vya nyumbani. Kwenye karatasi betri hiyo inabeba wati-saa 2,400, lakini betri za asidi haziishi muda mrefu zikikamuliwa kupita nusu, kwa hiyo cha kutumia kwa usiku mmoja ni kama wati-saa 1,200. Taa tano za wati 7 zikiwaka kwa saa tano zinakula wati-saa 175. Feni moja ya wati 50 ikizunguka usiku kucha kwa saa nane inakula 400. Simu hazina uzito. Hadi hapo familia inalala vizuri na akiba inabaki. Lakini birika la umeme la wati 2,000 linaizima inveta papo hapo, pasi nayo hufanya hivyo hivyo, na mashine ya kukaushia nywele ni vilevile. Friji ndogo iliyopo ni ya kuwasha mchana, paneli zinapopata jua, kisha kuizima jioni na kuiacha imefungwa bila kufunguliwa ovyo. Simu, taa za mkononi na kompyuta zichajiwe kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, wakati umeme wa jua unatoka moja kwa moja bila kuigusa betri. Siku za masika, kati ya Machi na Mei, mawingu yakikaa siku mbili mfululizo, feni isahauliwe. Katika mambo haya sioni kosa la nyumba, kwa kuwa mfumo huu unatosha kwa anayeuelewa, na daftari limeueleza vizuri.

Maji ni suala zito zaidi, na hapo nina ukosoaji wa kweli. Pampu huvuta maji ziwani kila asubuhi na kuyapandisha kwenye simtanki moja ya lita 2,000, na kutoka hapo yanashuka bafuni na jikoni. Mgeni akiyaona yanatoka bombani hudhani kwamba ni maji ya bomba, kumbe ni ziwa lile lile lililo mbele ya baraza. Kwa kunywa, jibu ni rahisi: yachemshwe mpaka yatokote kwa nguvu kwa dakika moja au zaidi, yapozwe na kuwekwa kwenye chombo chenye mfuniko, au mtu aje na madumu yake. Kwa kuoga, jambo linahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu ya kichocho.

Vimelea vya kichocho hukua ndani ya konokono wadogo wanaokaa kwenye matete na majani ya kina kifupi. Konokono huwaachia majini wakati wa mwanga, hasa kuelekea adhuhuri, nao hupenya ngozi ya binadamu kwa dakika chache tu, mara nyingi bila mwenyewe kuhisi chochote. Wengi wetu tulifundishwa shuleni kukitambua kichocho kwa damu kwenye mkojo, lakini aina iliyoenea katika mwambao huu ni kichocho cha tumbo, ambacho hushambulia utumbo na ini. Mtu anaweza kungoja damu kwenye mkojo, asiione, na akaamini kwamba yu salama huku ini likiendelea kuumia polepole. Ndiyo maana mzazi anayewaacha watoto wachezee maji kwenye matete mbele ya nyumba hii saa sita mchana, kwa kuwa tu wenyeji nao wanaoga hapo, anawaingiza kwenye hatari ambayo haitaonekana mpaka miezi imepita.

Habari njema ni kwamba vimelea hao, wasipompata mtu, hufa ndani ya saa 48. Kwa hiyo maji yaliyotulia kwenye tangi lililofunikwa, lisilo na konokono, kwa siku mbili kamili, yanafaa kuogea. Lakini nyumba hii ina tangi moja linalojazwa kila asubuhi, maana yake ni kwamba maji ya leo yanachanganyika na ya jana, na anayeoga jioni anaoga maji ya ziwa ya siku ile ile. Dawa yake ni tangi la pili, ili moja litumike huku lingine likitulia. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo ningemsihi mwenye nyumba alifanye kabla ya kununua kiti kingine chochote cha barazani. Kwa sasa, mgeni aoge maji yaliyopashwa moto: nyuzi joto 50 kwa dakika tano zinatosha kuwaua, na maji yaliyokaribia kuchemka kisha yakapozwa hayana shaka kabisa. Daftari halisemi neno hata moja kuhusu kichocho, na kwa kitabu kinachokumbuka hadi mlango unaovimba, pengo hilo ni kubwa.

Aliyeingia ziwani kwa sababu yoyote asifadhaike, kwa kuwa ugonjwa huu una tiba. Dawa ya prazikwanteli huwaua minyoo waliokomaa, lakini haifanyi kazi vizuri kwa wachanga, na kwa sababu hiyo vipimo na tiba hufaa zaidi kati ya wiki ya sita na ya nane tangu mtu aguse maji. Mgeni aandike tarehe, na muda ukifika aende hospitali aeleze kwamba aliingia ziwani. Akipata homa, kikohozi au mwili kuwasha kabla ya hapo, aende mara moja, na apimwe malaria pia.

Kuhusu mbu na wadudu, jioni ina utaratibu wake. Ifikapo saa kumi na mbili, madirisha yawe yamefungwa au wavu umekaa sawasawa, na vyandarua vishushwe kabla giza halijaingia badala ya kungoja saa ya kulala. Zipo siku ambapo wadudu wadogo wa ziwani huinuka kwa mamilioni, na kwa mbali huonekana kama moshi mweusi uliosimama juu ya maji. Hawaumi, lakini hufuata taa na kujaza chakula, kikombe na pua. Siku hiyo kula chakula cha jioni mapema, zima taa za baraza, na uwaachie usiku wao. Viboko nao hutoka majini usiku kula majani, hivyo baada ya giza hakuna sababu ya kutembea ufukweni, hata kwa tochi.

Kwa upande wa chakula, kisiwa hiki kinamlisha vizuri anayeamka mapema. Kwenye mwalo wa jirani mitumbwi hurudi alfajiri, na sato anayenunuliwa hapo akiwa bado na macho maangavu na mashavu mekundu, akatiwa chumvi na ndimu na kuchomwa barazani, hana mfano wake jijini. Sangara aliye chini ya sentimita 50 asinunuliwe hata akiuzwa kwa bei ya kutupa, kwa kuwa kumvua ni kosa, na kila anayemnunua anachangia kulimaliza ziwa. Muhogo, machungwa na mananasi vinapatikana kwa majirani kwa bei nzuri. Mchele, mafuta, viungo, sukari, unga wa ngano, dawa za watoto na maziwa vinunuliwe Mwanza au, ikishindikana, Nansio. Anayependa michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, abebe za kutosha, kwa sababu ndizo zinazookoa asubuhi ambayo gesi imeisha. Jiko la mkaa lipo kwa ajili ya siku kama hiyo, lakini litumike nje tu. Kuliingiza ndani usiku wa mvua na kufunga madirisha ni kukaribisha hewa yenye sumu ambayo haina harufu.

Msomaji anayefuata ukimya mtupu anapaswa kuambiwa ukweli kuhusu dagaa. Huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi unapokuwa mpevu uvuvi husimama kwa siku kadhaa. Katika giza la mwezi, injini hulia usiku, taa hujipanga majini mpaka upeo wa macho, na asubuhi kina mama hutandaza dagaa juu ya mchanga na vichanja, wakiwageuza kwa mikono hadi wakauke, na harufu yake hufika barazani kila upepo wa mchana unapotoka ziwani kuja nchi kavu. Mimi naipenda hali hiyo, kwa kuwa ndiyo maisha ya mwambao, na nisingeshauri mtu yeyote ailalamikie mahali ambapo majirani wanapata riziki yao. Anayeona haiwezi basi apange safari yake mwezi ukiwa unakaribia kujaa. Na anayetaka kupiga picha ufukweni aanze na shikamoo kwa wakubwa na ombi la ruhusa, akijua kwamba watu wako kazini.

Takataka hazizolewi. Mabaki ya chakula hufukiwa kwenye shimo nyuma ya nyumba, lakini chupa za plastiki, betri ndogo na nepi zirudi na mgeni mpaka Mwanza. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, hivyo bidhaa zibebwe kwenye vikapu au madumu. Choo kinatumia shimo la maji taka, na kitu kingine chochote zaidi ya karatasi laini kitakiziba kabla fundi hajapatikana.

Mzee anayeitunza nyumba hukaa jirani, naye ni mtu wa heshima na mwepesi wa kusaidia. Si mtumishi wa ndani, na mgeni anayemtuma sigara usiku anamkosea. Akiombwa kwa adabu mchana, huleta kuni, hutafuta samaki na kupiga simu kwa dereva, na ni haki apewe chochote kwa taabu yake.

Bei ni shilingi 120,000 kwa usiku kwa nyumba nzima, ambayo kwa familia ya watu watano au sita ni nafuu kuliko vyumba vya hoteli ya wastani jijini. Ningewashauri familia zenye watoto wanaosikia wakikatazwa, marafiki wanaopenda kupika pamoja, na watu wanaotaka kuandika au kusoma bila kusumbuliwa. Nisingemshauri mjamzito aliyekaribia kujifungua, wala mgonjwa anayehitaji daktari karibu, kwa kuwa kutoka hapo hadi hospitali ya Nansio ni safari, na kutoka Nansio hadi hospitali ya Bugando jijini Mwanza ni safari nyingine ya maji. Nafasi hushikwa kwa simu kwa kulipa nusu, na kabla ya kutuma fedha hiyo mpangaji aombe picha za kurasa za daftari, aulize pampu ilifanya kazi mara ya mwisho lini, na aulize kama tangi la pili limeshawekwa.